Kompyuta Haitakuambia Kuwa Boila Yako Haina Mvuke

Mwaka wa pili, kazi ya themodinamiki, saa saba usiku. Programu ikanipa jibu: ufanisi asilimia 4.5. Haikulalamika, haikutoa maandishi mekundu. Nikaprinti, nikakusanya, nikalala. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika maneno matatu tu pembeni: "Mvuke uko wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, kila aliyepita Uhandisi Mitambo amekutana nalo. Mzunguko wa Rankine usio na hasara: mvuke unaingia kwenye turbini ukiwa na presha ya megapaskali 3 na nyuzi 350 za Selsiasi, na kondensa iko kwenye kilopaskali 10. Tafuta ufanisi. Kwa mkono unafungua majedwali ya mvuke, unasoma enthalpi na entropi, na thamani ikianguka katikati ya mistari miwili unapiga hesabu ya kuikadiria. Kosea mstari mmoja tu na jioni yako imeisha.

Ndiyo maana wengi tumehamia CoolProp. Ni programu ya bure inayotumika ndani ya Python. Unaipa sifa mbili za maji, inakurudishia ya tatu. Tatizo ni kwamba inataka Kelvini, Paskali na Juli, haijali wewe umezoea nini. Mimi niliandika hivi:

PropsSI('H', 'P', 3e6, 'T', 350, 'Water')

Nilipaswa kuandika 623.15. Kelvini 350 ni kama nyuzi 77 za Selsiasi, na kwa presha ya megapaskali 3 maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 234. Kwa hiyo nilikuwa napeleka maji ya moto kwenye turbini! Enthalpi niliyopata ilikuwa kama kilojuli 324 kwa kilo, wakati mvuke halisi una 3,116. Programu haikukosea hata kidogo. Ilijibu nilichouliza.

Ukiandika sawasawa unapata asilimia 33.4, na hapo ndipo raha inapoanza, maana sasa unaweza kuchezea namba bila kurudia hesabu upya. Pandisha presha ya kondensa hadi kilopaskali 75, ufanisi unashuka mpaka 26. Irudishe 10, kisha pandisha mvuke hadi nyuzi 600, unapata 37.3. Ongeza na presha ya boila hadi megapaskali 15: 43.0. Ukiishia hapo utadhani umeshinda. Sasa iulize programu mvuke unatoka kwenye turbini ukiwa katika hali gani. Kwenye mzunguko wa kwanza, mvuke ni asilimia 81 tu ya kinachotoka, mengine ni maji. Kwa nyuzi 600 inapanda hadi 91, lakini ukiongeza ile presha inashuka tena hadi 80. Matone hayo yanakula mapanga ya turbini, na wahandisi kwa kawaida hawapendi kushuka chini ya 90 hivi. Ndiyo sababu mitambo mikubwa inaurudisha mvuke kwenye boila katikati ya safari upashwe moto tena. Ufanisi peke yake haukuonyeshi hilo.

Jingine ni kondensa. Weka kilopaskali 1 kwenye ule mzunguko wa kwanza na ufanisi unaruka hadi karibu asilimia 40. Tamu kweli. Lakini kwa presha hiyo mvuke unageuka maji kwenye nyuzi 7, na bahari ya Dar haijawahi kuwa baridi hivyo. Maji ya kupoozea utayatoa wapi, kwenye friji?

Halafu kuna ule mtego wa pale maji na mvuke vinapokaa pamoja. Hapo joto na presha vimefungwa, ukijua kimoja umejua na kingine, hivyo ukiipa programu vyote viwili itagoma. Ipe presha na sehemu ya mvuke: 0 kwa maji matupu, 1 kwa mvuke mtupu. Angalau hapa inagoma kwa sauti.

Siku hizi kabla sijafungua kompyuta nachora mchoro wa joto na entropi kwa kalamu, hata kama ni mbaya, halafu napiga Carnot. Kwa nyuzi 350 na kondensa ya nyuzi 46, Carnot ni karibu asilimia 49. Jibu lolote juu ya hapo ni uongo, na lililo chini yake mno lichunguzwe.

Kama una laptopu yoyote, bando unahitaji mara moja tu la kupakua. Andika pip install CoolProp, kisha fanya lile swali la megapaskali 3. Ukipata 33.4, endelea na mengine. Ukipata 4.5, unajua pa kuangalia.