Ukiruka na mwavuli, chunga dakika za lala salama

Shabiki yeyote wa soka anajua uchungu wa bao la dakika za lala salama. Timu imecheza vizuri muda wote, watu wameshaanza kutoka uwanjani, beki mmoja anajisahau, mpira uko wavuni. Mchezo wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli nao una lala salama yake. Tofauti ni kwamba huku ukijisahau hupotezi pointi tatu. Unavunjika nyonga, au unazikwa.

Muulize mtu wa kawaida anaogopa nini kwenye mchezo huu, atakujibu haraka: mwavuli ukikataa kufunguka je? Ni swali la haki. Lakini mrukaji hubeba miavuli miwili mgongoni, mkuu na wa akiba, na wengi wana kifaa kinachoufungua ule wa akiba chenyewe iwapo mwenyewe amezimia au amechelewa. Ripoti za ajali za chama cha warukaji wa Marekani, USPA, kwa miaka mingi zimekuwa zikionyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Sehemu kubwa ya waliokufa mwavuli wao ulifunguka vizuri kabisa. Kilichowaua ni kutua.

Inakuwaje? Mwavuli wa siku hizi si ule wa duara unaoshuka tu na askari wake. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojaa hewa, wazo la Domina Jalbert wa Marekani katika miaka ya 1960. Linakwenda mbele, linakata kona na lina breki. Vuta kishikio cha kulia, linakwenda kulia. Vuta cha kushoto, linakwenda kushoto. Vuta vyote viwili, linapunguza mwendo. Kwa maneno mengine, ukiwa chini ya mwavuli huo wewe si mzigo, wewe ni dereva.

Na dereva huua kwa kona. Chukua mrukaji aliyebakiza mita 30 kufika chini. Ghafla anagundua upepo unampiga mgongoni, au mbele yake kuna uzio. Anaingiwa na hofu, anavuta kishikio kimoja kwa nguvu ageuke. Bawa linalala upande, mwili unarushwa nje kama jiwe la kombeo, na mwavuli unapiga mbizi. Kasi inapanda huku urefu unakwisha. Ukiwa mita 600 mbizi hiyo ni raha tupu, maana mwavuli una nafasi ya kujirudi. Kwenye mita 30 nafasi hiyo hakuna.

Ndiyo maana wakufunzi humkaririsha mwanafunzi mambo matatu ya kutua, kwa mpangilio wake. Kwanza, bawa liwe sawa juu ya kichwa. Pili, kwepa kizuizi, kwa kugeuka kidogo na taratibu. Tatu, vuta breki zote mbili kabla ya kugusa chini. Kuutazama upepo ni jambo zuri, lakini halimo kwenye hayo matatu.

Hesabu yake ni hii. Mwavuli unaokwenda kilomita 30 kwa saa, ukipata upepo wa kilomita 10 usoni, utakufikisha chini kwa kasi ya 20. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, utafika kwa 40. Utaburuzika, utachafuka, pengine utachubuka magoti. Ila utainuka. Aliyekata kona akiwa chini mara nyingi hainuki.

Dawa yenyewe huanzia juu. Kwenye mita 300 hivi, mrukaji makini huwa ameshajua atatua wapi. Anakwenda na upepo akipita pembeni ya uwanja, kwenye mita 180 anakata kona ya kwanza, kwenye mita 90 anakata ya pili na kuutazama upepo. Baada ya hapo hakuna kona tena, ananyoosha tu. Akibakiza mita tatu hivi anavuta vishikio vyote viwili kwa pamoja, sawasawa, na mwavuli unamweka chini kama mtu anayeshuka ngazi. Akiona mambo hayajakaa vizuri, anabana miguu na magoti pamoja na kubiringika. Kusimama wima kwa ajili ya picha kumevunja miguu ya watu wengi.

Hapa kwetu, watu huruka Diani, pwani ya Kenya, na kutua ufukweni. Mtalii aliyefungwa kifuani mwa mkufunzi kazi yake ni moja tu: kuinua miguu anapoambiwa. Mkufunzi ndiye anayeusoma upepo. Kusi ikivuma kutoka baharini na kupita kwenye minazi, nyuma ya minazi hiyo hewa inakorogeka. Warukaji huhesabu umbali wa mara kumi hadi 20 ya kimo cha kizuizi. Mnazi wa mita 20 unaweza kukuvuruga hata ukiwa mita 400 nyuma yake.

Tatizo jingine ni haraka ya ujana. Mtu mwenye kilo 95 pamoja na vifaa vyake, chini ya mwavuli wa mita 21 za mraba anashuka kwa utulivu. Mpe wa mita 14, kila kosa linakuja kwa kasi zaidi. Lakini kijana ameona mashindano ya kuendesha miavuli, wale wanaopiga mbizi makusudi na kupita juu ya bwawa kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, naye anataka. Asichokiona ni mamia ya miruko ya mazoezi, na kwamba bwawa limewekwa pale kwa sababu maji yanasamehe kuliko ardhi.

Kwa hiyo ukimwona mrukaji anatua taratibu, bila mbwembwe, usimcheke. Huyo anajua kwamba mwamuzi hapulizi kipenga mpaka miguu iko chini na mwavuli umelala.