Ujiji: Mji mkongwe uliokimbiwa na ziwa lake

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MGENI anayefika kwenye mnara wa kumbukumbu ya Dk. David Livingstone mjini Ujiji huwa na swali moja ambalo hakulitarajia: ziwa liko wapi?

Mnara huo umejengwa kuadhimisha mahali ambapo mmisionari huyo kutoka Scotland alikutana na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, Novemba 10, 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Ujiji ya wakati huo ilikuwa bandari. Leo, kutoka mnarani hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mtu hutembea kwa miguu kupita katikati ya nyumba za watu.

Jibu la swali hilo liko ng'ambo ya ziwa, karibu na mji wa Kalemie nchini Kongo. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi lakini lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, nao ni Lukuga. Mpelelezi Mwingereza V. L. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na mimea. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliona maji hayaendi popote.

Ziwa likawa linajaa kama karai lililozibwa tundu. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, maji yakaanza kutoka kwa nguvu, na kabla karne haijaisha kina kilikuwa kimeshuka kwa takriban mita 10.

La kuchekesha kidogo ni kwamba Livingstone na Stanley walikuwa wameondoka pamoja Ujiji kwa mtumbwi, Novemba 1871, kwenda kutafuta jibu la fumbo hilohilo. Walielekea kaskazini, kwenye Mto Ruzizi, wakakuta unaingiza maji ziwani badala ya kuyatoa.

Kwa Ujiji, kushuka huko kulikuwa pigo. Ufukwe wake ni wa tambarare, hivyo maji yaliposhuka yalirudi nyuma mbali, na palipobaki pana kina kifupi. Kigoma, iliyo chini ya kilomita 10 kaskazini, ina ghuba yenye kina kirefu. Wajerumani walipofikisha reli ya kati ziwani mwaka 1914, waliifikisha Kigoma. Meli zikafuata reli, biashara ikafuata meli.

Kabla ya hapo Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1858 na kuwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakishughulika na pembe za ndovu na watumwa. Miembe mikubwa ya Ujiji, mti wenye asili ya Asia, ni alama ya njia hiyo. Ule unaotajwa kuwa ndio walikutania wazungu wale wawili ulikwisha kufa. Waliopo mnarani ni wajukuu wake, kwa kusema hivyo.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Hupiga picha mnarani, wakapanda gari na kurejea Kigoma, ilhali historia yenyewe inatembea mitaani. Wengi wa wakazi wa Ujiji ni Wamanyema, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, baadhi kama watumwa, wengine kama wapagazi na wafanyabiashara. Wao ndio waliobaki kuwa wenyeji, pamoja na Waha, na Kiswahili chao ni cha siku nyingi kuliko cha miji mingi ya bara.

Anayeshuka hadi ufukweni atawakuta mafundi wakiunda boti za mbao kwa nyundo na msumeno, na sokoni atakuta dagaa, migebuka na mawese.

Zilizo hatarini ni nyumba. Vijiji vya kale vya milimani nchini Italia, ambavyo watalii huvimiminikia, vimedumu kwa sababu ni vya mawe. Nyumba kongwe za Ujiji ni za udongo. Asipokuwapo wa kuzikandika kila baada ya mvua, huanguka, na mwenye uwezo hujenga ya saruji badala yake. Hawezi kulaumiwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuingia katika orodha hiyo ni kutangaza nia tu, na nyumba ya udongo haipati fundi wala fedha kwa sababu yake.

Wakati huohuo ziwa limeanza kurudi. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda na kuingia katika makazi na bandari za mwambao, kuanzia Bujumbura hadi Kigoma.