Kuziba Kiwambo cha Sikio Bila Kuchana Nyuma ya Sikio

Kofi moja la nguvu linatosha kupasua kiwambo cha sikio. Hata kijiti cha pamba kinaweza, kikisukumwa mbali. Matundu ya namna hii mengi hujifunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa, mradi sikio lisiingie maji. Yanayosumbua zaidi ni yale yanayoachwa na usaha wa muda mrefu, na hapa inaniuma kuona wazazi wakiambiwa, "Atakua, litaacha lenyewe." Mtoto huyo anakaa darasani akisikia nusu ya somo.

Tangu Wajerumani Horst Wullstein na Fritz Zöllner walipoweka misingi ya upasuaji wa kuziba matundu ya kiwambo miaka ya 1950, njia iliyozoeleka ni kuchana ngozi nyuma ya sikio, kulilaza mbele, kisha kutazama kwa hadubini. Sababu ni kwamba hadubini huona yaliyonyooka tu, na njia ya sikio ina kona. Miaka ya 1990 Muaaz Tarabichi, daktari wa Dubai, alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango mwingine: endoskopu, kifimbo chenye lenzi na taa, unene wake milimita 3 au 4. Kinapita kwenye tundu la sikio lenyewe, na daktari anafanya kazi akiangalia skrini.

Kiraka anakitoa kwa mgonjwa mwenyewe. Gusa kile kinundu kigumu mbele ya tundu la sikio, unachokibonyeza ukikimbia kelele. Kigegedu chake ndicho kinachokatwa kipande, na kovu huwa dogo mno. Kwanza kingo za tundu la kiwambo hukwanguliwa ziwe mbichi, maana zilizokwisha kupona hazishikani na kitu. Katika mbinu aliyoieleza Mmarekani Roland Eavey mwaka 1998, kigegedu huchongwa mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wake wote, kisha hupachikwa tunduni, kingo za kiwambo zikakaa ndani ya mfereji huo.

Si kila sikio linafaa. Mkono mmoja wa daktari umeshika endoskopu, hivyo damu ikiwa nyingi kazi inakuwa ngumu. Na kama usaha umekwisha kula vile vifupa 3 vya kusikia, kuziba tundu peke yake hakutoshi. Ndiyo maana kipimo cha usikivu hutangulia.

Baada ya upasuaji mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu, apige chafya mdomo wazi, na asiogelee mpaka daktari atakapochungulia na kuona kiraka kimeshika.