Haya Si Fedheha

Londiani ni mji wa baridi, juu katika nyanda za Kericho, penye misitu na stesheni ya reli ya kwenda Kisumu. Waislamu si wengi huko. Kila mmoja amjua mwenziwe, na asiyeonekana msikitini siku ya Ijumaa huulizwa.

Mama mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa huko, ndiye aliyetusimulia habari ya mwanawe. Kijana alinaswa na kamari ya simu. Pombe hunuka, na miraa huonekana shavuni. Kamari hii haina harufu. Mtoto yumo chini ya blanketi, na mzazi amdhania anadurusu. Siku karo ya chuo ilipotoweka, baba alimkemea mbele ya wajomba na majirani, akamwita mwizi. Kijana akaapa kuacha. Usiku ule ule alikopa kwa simu akacheza tena, apate kurudisha fedha kabla hajatazamana na mtu.

"Tulidhani fedheha ni dawa," asema mama. "Kumbe ndiyo iliyomrudisha."

Hakukosea. Mwaka 2013 Daniel Randles na Jessica Tracy, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walichapisha utafiti juu ya watu walioacha pombe karibuni. Waliowaona wameinama na kujikunyata kwa aibu walipoeleza mara yao ya mwisho kunywa, hao ndio waliorudia zaidi. Ajutiaye kitendo hutafuta namna ya kukirekebisha. Ajionaye yeye mwenyewe ni uchafu hutafuta pa kujificha, na maficho ayajuayo ni yale yale yaliyomwangamiza.

Kamari ni haramu, Suratul Maida yatosha kwa hilo. Lakini Imam Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa Bwana Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya ulevi. Aliadhibiwa, hukumu haikuondolewa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na sisi akina mama tujiulize: tunapolia, twamlilia mtoto, au twalilia watu watasema nini arusini?

Mama huyu alibadili mwendo. Baada ya Isha humpelekea kijana chai chumbani, akaketi, akauliza deni limebaki kiasi gani na ladaiwa na nani. Laini ya simu yenye fedha huishika yeye, kwa ridhaa ya mwanawe. Imamu aliambiwa faraghani. Baba ilimchukua muda, naye si mtu mbaya, alikuwa ameogopa.

Mwezi wa tatu kijana aliteleza. Alfajiri, kabla mama hajakunja msala, alisimama mlangoni.

"Mama," akasema, "jana nimecheza."

"Ingia ndani, mwanangu, kuna baridi. Ni kiasi gani?"