Dar es Salaam, Mji wa Kambi Mbili

Mtu wa Dar es Salaam akikuuliza "wewe wa wapi?", usikimbilie kutaja mkoa. Huenda anataka kujua kama wewe ni Simba au Yanga. Na ukikutana na mwenye mvi, aliyekula ujana wake Kariakoo au Kinondoni miaka ya 1980, swali lake linaweza kuwa jingine kabisa: Msondo au Sikinde?

Maswali hayo ni mtu na ndugu yake. Katika jiji hili burudani haijawahi kuwa jambo la kukaa kimya na kutazama. Mtu huingia ukumbini akiwa na upande wake, hulipa kiingilio kama anayepiga kura, na kesho yake hushinda kijiweni akieleza kwa nini wale wengine si chochote si lolote. Bendi za dansi, vikundi vya taarab na maigizo, hata madijei wa vichochoroni, wote wamenyonyeshwa tabia hiyo.

Ilianza zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliokutana mjini walicheza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi kwa sare, tarumbeta, gwaride na vyeo vya kizungu. Palikuwa na makundi mawili, Marini na Arinoti. Marini ilijiona ya watu wenye daraja, Arinoti ikakusanya zaidi watu wa chini. Kila moja lilitaka kuvaa vizuri kuliko jingine, kulisha watu wengi zaidi kwenye karamu, na kumtungia mwenzake nyimbo za kumshusha hadhi. Miaka ya 1930 ikashamiri taarab ya mjini, na hapo pia zikasimama klabu mbili, Egyptian na Alwatan. Ni muongo huohuo uliozaa klabu za soka za Yanga, mwaka 1935, na Simba mwaka uliofuata. Anayetaka kuiita sadfa na aiite.

Upande wa muziki wa dansi, upinzani ulikuwa na sababu ya kifedha ambayo mashabiki wengi hawakuwa na haja ya kuifikiria. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa za Dar es Salaam zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, nayo ikawa inabadili jina kila chama kilipobadilika: ikaitwa JUWATA Jazz, ikaitwa OTTU Jazz, hadi jina la mtindo wake, Msondo Ngoma, lilipoyameza yote. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Jeshi na polisi walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipokea mshahara kama karani, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo alipoondoka aliondoka na vidole vyake tu.

Santuri nazo hazikuwa na fedha ya kutegemea. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza; kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, njia hiyo ikasongwa. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukasikika nchi nzima, lakini ugali ulipatikana mlangoni mwa ukumbi. Redio ilikuwa tangazo, ukumbi ndio duka. Sasa kumtoa mtu kwake usiku wa wikiendi, na kumbi kadhaa zikimwita kwa wakati mmoja, kulihitaji zaidi ya sauti nzuri. Kulihitaji mpinzani wa kutambiana naye.

Kila bendi ikawa na jina la mtindo wake, nalo likatumika kama jezi. Maquis du Zaire, waliofika Dar es Salaam mwaka 1972, walikuwa na Kamanyola. Vijana walikuwa na Koka Koka, baadaye Pamba Moto. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978 na kuchukua jina la baa ilikokuwa ikipiga, ilikwenda kuazima jina kwa Wazaramo wenye mji: Sikinde, ngoma yao ya asili. Miaka mitano baadaye Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, liliichukua bendi hiyo. Mashabiki wakaiongezea majigambo, "Sikinde ngoma ya ukae"; wa upande wa pili wakajibu kuwa Msondo ndiye "baba ya muziki".

Utamu wa ugomvi huu ni kwamba Sikinde ilikatwa katika ubavu wa Msondo. Muhiddin Maalim Gurumo, mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz, ndiye aliyekwenda kuwa nguzo ya Mlimani Park, pamoja na akina Abel Bartazal na Michael Enoch, mpiga ala wa kila aina ambaye wanamuziki wenzake walimwita mwalimu. Halafu mwaka 1985 kikafanyika kile ambacho leo kingeitwa usajili wa dirisha kubwa. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki sita kutoka Sikinde kwa mpigo mmoja, Gurumo na Bartazal wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule. Mji mzima ulizungumza. Sikinde iliziba mapengo, ikaendelea kupiga. Ndekule haikufika mbali. Gurumo alirudi Msondo, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014, na kambi zote mbili zilikuwa na haki ya kusema marehemu ni wao.

Wapo waliokataa kambi. Remmy Ongala, aliyekuja kutoka Zaire mwaka 1978 na kutamba na Super Matimila, alitunga kuhusu kifo, ufukara na ukimwi kwa namna ambayo haikuhitaji mpinzani wa kumpiga vijembe. Mpinzani wake, ukitaka, alikuwa redio ya taifa, iliyokataa kupiga "Mambo kwa Soksi", wimbo wake uliohimiza kondomu. Watu walimlipa kwa njia yao: hadi leo daladala za Sinza zina kituo kinachoitwa Kwa Remmy.

Mtu anaweza kuuliza, katika yote haya maigizo yako wapi? Nairobi ilipata jumba la taifa la maonyesho mwaka 1952, Kampala mwaka 1959. Dar es Salaam haikujengewa lake. Ilikuwa na Idara ya Sanaa za Maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu, kulikotoka watunzi kama Ebrahim Hussein na Penina Muhando, na ilikuwa na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kwa jirani tangu 1981. Lakini mtu wa Manzese au Temeke aliyetaka kuona igizo alikwenda baa. Huko, kati ya meza za bia na mishikaki, ndiko tamthilia ya mjini ilikokulia. Wasomi waliona aibu kidogo. Hawakupaswa.

Vikundi vya miaka ya 1980 na 1990, Muungano cha Norbert Chenga kikiwa mbele, vilimpa mteja kila kitu kwa tiketi moja. Onyesho lilianza alasiri na kwenda hadi usiku kwa saa tano au zaidi. Zilianza ngoma, sindimba ikifuatiwa na bugobogobo. Ikaja sarakasi, sanaa ambayo vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza katika miaka ya 1960. Kikafuata kichekesho cha mume mlevi au mshamba aliyefika mjini leo asubuhi, halafu igizo refu lenye mama wa kambo, mganga au mfanyakazi wa ndani aliyedhulumiwa. Watazamaji hawakukaa na adabu za jumba la opera. Mhusika mbaya alizomewa kwa jina, na mama aliyeona mjinga anadanganywa jukwaani alimpigia kelele amgeukie mwizi nyuma yake.

Mwaka 1992 nchi ikaingia mfumo wa vyama vingi, na CCM ikaunda kikundi chake, Tanzania One Theatre, kikiongozwa na Kapteni John Komba. Muungano ukapata mwenzake wa kushindana naye. Silaha kubwa ya vita hiyo haikuwa igizo wala sarakasi. Ilikuwa taarab, iliyokuwa ikipangwa mwisho wa onyesho kwa sababu ilijulikana kuwa ndiyo iliyowaleta watu. Khadija Kopa, aliyelelewa kimuziki na Culture Musical Club ya Zanzibar, na Nasma Khamis, maarufu kama Nasma Kidogo, wakawa majina mawili yasiyoweza kutajwa kwa pumzi moja bila mtu kuchukua upande. Wimbo wa mmoja ulijibiwa na wa mwenzake, na kanda zao zilisikika kutoka kila kibanda cha saluni. Mipasho ikahama kutoka barazani hadi kwenye spika.

Taarab ya Zanzibar ya mtindo wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, ilificha jeraha ndani ya fumbo. Wazee wa visiwani waliposikia ya Dar es Salaam walikunja uso: fumbo limevuliwa nguo. Lakini waliokuwa ukumbini walijua kuwa maneno ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine hufanywa na anayetuza.

Hili linahitaji kuelezwa kwa asiyewahi kuliona. Mwimbaji amekaa au amesimama mbele, wimbo umefika kwenye ubeti unaomsema mwanamke mwenye wivu. Mama mmoja anainuka mezani kwake, gauni limekaa, noti ameinyoosha juu ili kila mtu aione. Haendi moja kwa moja. Anapita karibu na meza fulani, anazungusha mkono, anageuza kichwa kidogo, kisha anakwenda kumbandika mwimbaji noti. Hajasema neno. Lakini aliyekusudiwa kaelewa, meza nzima imeelewa, na kama ubeti unaofuata unafaa kujibia, naye atainuka na noti yake. Mtunzi aliandika wimbo akiwa nyumbani kwake bila kumjua hata mmoja wao. Ukumbini wimbo unakuwa wao, na onyesho lenye wahusika halisi linachezwa kwenye sakafu huku bendi ikiwa msindikizaji. Hakuna tamthilia ya chuo iliyowahi kuwapa watazamaji nafasi hiyo.

Kutoka hapo zikaja taarab za kisasa na rusha roho. Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yussuf ikajaza ukumbi wa Travertine, Magomeni, hadi kiongozi huyo alipotangaza kuacha muziki mwaka 2016. Kwenye dansi, African Stars ya Asha Baraka, yaani Twanga Pepeta, ikasimama dhidi ya FM Academia, "Wazee wa Ngwasuma", moja ikiwa na wanenguaji na marapa wa kibongo, nyingine na ladha ya Kinshasa. Ally Choki alihama Twanga, akaanzisha Extra Bongo, baadaye akarudi. Mashabiki wa Gurumo hawakuona jipya. Bongo Fleva haina haja ya kuelezwa sana: kila mwenye simu anajua Timu Diamond na Timu Kiba, na anajua matusi yake.

Kinachovutia zaidi kwa sasa kiko uswahilini. Mchiriku, uliotokana na ngoma za Wazaramo, ulijengwa kwa kinanda kidogo cha betri, ngoma na spika za tarumbeta kama za msikitini. Jagwa Music, walioanza miaka ya 1990, waliufikisha hadi Ulaya, na albamu yao ikatoka mwaka 2012. Mdogo wa mchiriku ni singeli. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, maneno hufyatuliwa kama kondakta anayeita abiria, na kitovu chake kimojawapo ni Sisso, studio ya Mburahati ambayo kazi zake zilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017. Wazungu wa majumba ya disko wakaishangaa. Mtaani hapakuwa na mshangao, kwani singeli ilikwisha kupigwa kwenye vigodoro vya harusi, na waliokuwa wakibishana walibishana juu ya jambo moja tu: nani mfalme. Msaga Sumu amejitwalia cheo hicho. Wafuasi wa Man Fongo hawajakubali.

Msondo na Sikinde, kwa upande wao, wamezeeka pamoja. Katika miaka ya karibuni wamekuwa wakipambanishwa siku za sikukuu, bendi mbili jukwaa moja, kwenye viwanja kama TCC Chang'ombe. Wanaofika ni watu wa makamo waliovaa vizuri, wanaojua kila kibwagizo na kila mahali ambapo tarumbeta zinaingia. Wengine huja na watoto wao wakubwa ili wawaonyeshe walichokuwa wakigombania.

Ukiona bango la mpambano kama huo, nenda mapema, uwe na noti ndogondogo za kutuza, na usikae katikati ya ukumbi ukidhani utakuwa salama. Utaulizwa wewe wa wapi, na jibu la "mimi napenda wote" halikubaliki.