Kiu isiyokatika: Sindano ya homoni yajaribiwa, lakini sukari ipimwe kwanza

Mtoto anaamka usiku mara tatu kwenda kukojoa, na kila akirudi anapitia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Wengi wetu husingizia joto, au chumvi ya samaki wa jioni. Huenda ni kweli. Lakini kiu ya siku nyingi, mkojo mwingi na mwili unaokonda ni dalili za kisukari. Tone la damu kidoleni hutoa jibu papo hapo, na kipimo hicho hakisubiri wiki ijayo.

Sukari ikiwa sawa, daktari hutazama mambo mawili yanayofanana sana. Kuna mgonjwa aliyepungukiwa homoni ya vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Huyu lazima anywe. Ukimfungia maji unamhatarisha. Mwingine homoni anayo, ila unywaji wenyewe ndio umezidi. Akizidisha kuliko figo zinavyoweza kutoa, sodiamu katika damu huzimuliwa, na hapo huja kichwa kuuma, kutapika, hata degedege.

Wa kwanza hupewa desmopresini. Mpe wa pili dawa hiyohiyo huku akiendelea kunywa, maji yatamjaa mwilini. Kwa hiyo yeye huambiwa tu apunguze, neno jepesi kwa asiye na kiu.

Ni kwa ajili ya hawa wa pili kwamba madaktari wa Basel, Uswisi, walijaribu dulaglutaidi, sindano ya kisukari aina ya pili. Dawa hiyo huiga homoni ambayo utumbo hutoa tukila, inayotuliza hamu ya chakula. Je, ingetuliza na kiu? Watu wazima 34 walichomwa mara moja kwa wiki, wiki tatu dawa halisi na wiki tatu nyingine sindano isiyo na dawa, bila kujua ipi ni ipi. Matokeo yalitoka 2021: katika saa nane za kupimwa, wakiwa kwenye dawa walikunywa pungufu kwa karibu nusu lita. Si kupona, ila ni nafuu ambayo maneno matupu hayakuwapa.

Hakuna mtoto aliyekuwamo, basi sindano ya babu isimguse mjukuu. Ukienda kliniki, nenda na karatasi: kwa siku nzima na usiku wake, andika mtoto amekunywa kiasi gani na amekojoa mara ngapi. Chupa tupu ya soda ya nusu lita inatosha kupimia.