Fyuzi Si Adui wa Muziki

Amplifaya imekuwa pambo la sebule katika nyumba nyingi za miji yetu. Huletwa kwa fahari, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa, ikasukumwa ndani ya kabati. Wanaoitunza hivyo hudhani wanaihifadhi, kumbe wanaiziba pumzi.

Yafaa ieleweke kwamba umeme unaoingia katika chombo hiki haugeuki wote kuwa sauti. Amplifaya za transista za mtindo uliozoeleka, hata kwa hesabu za vitabuni, hazivuki asilimia 79. Katika matumizi ya kila siku, nusu au zaidi ya umeme huwa joto tupu. Joto hilo hutoka katika transista, likaenea kwenye mapezi ya alumini, kisha likachukuliwa na hewa. Hewa ikizuiwa, au mapezi yakijaa vumbi, joto halina pa kwenda. Transista nyingi za silikoni zimewekewa ukomo wa nyuzi 150 za Selsiasi, na sebule ya pwani yenye nyuzi 32 huusogeza ukomo huo karibu zaidi kuliko nchi za baridi.

Transista ikishindwa, mara nyingi huacha njia wazi, mkondo ukapita bila kizuizi. Hapo ndipo fyuzi hujitoa mhanga: huyeyuka ili chombo na nyumba visalimike.

Kwa hiyo twasikitishwa na tabia ya baadhi ya mafundi ya kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika. Amplifaya inayotumia wati 300 katika umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 1.3 tu. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita huweza kupitisha zaidi ya ampea 20 kabla ya kuyeyuka. Kabla waya huo haujakatika, transfoma itakuwa imekwisha kuungua, na pengine pazia limeshika moto.

Hatuna budi kuiacha desturi hii. Fyuzi ikikatika, itafutwe kwanza sababu, kisha iwekwe nyingine ya kiwango kile kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Kitambaa kiondolewe, vumbi lipanguswe chombo kikiwa kimechomolewa, na nafasi ya hewa iachwe pande zote. Bei ya fyuzi ni ndogo mno kuifananisha na nyumba iliyojengwa kwa jasho la miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.